Profesa na Matundu Yake

Mtu ninayemwandika hapa hajawahi kuniomba radhi, na mimi nimechoka kumngoja. Nitamwandika na hasira zangu nikiwa nazo, kwa sababu nikisema nisubiri zipoe sitaandika kitu. Chuoni kila mtu alimwita Profesa. Walikuwepo maprofesa wengine, wenye suti za kupendeza na magari, lakini ukisema "Profesa yuko juu" hakuna aliyeuliza ni yupi. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nimemfahamu miaka kumi na mitano. Minne ya kwanza alikuwa mwalimu wangu, na mingi iliyofuata alikuwa mtu ambaye nikimwona mbele yangu, nabadilisha njia.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu kwa mji huu. Bujumbura watu husomea sheria, udaktari, uongozi wa biashara, vitu ambavyo shangazi yako anaweza kuvitaja kanisani. Yeye alisomea gesi. Kwenye harusi moja mtaa wa Mutanga Sud, mzee mmoja mwenye heshima zake alimuuliza mitungi yake inauzwa wapi, maana mkaa umekuwa shida. Profesa hakucheka. Alivuta kiti, akamweleza yule mzee habari za makundi ya magalaksi mpaka maharusi wakakata keki na vinywaji vikapata joto mezani. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza tena kuhusu mitungi.

Nitaeleza na mimi, kifupi, kwa sababu bila hiyo gesi huwezi kumwelewa mtu huyu. Magalaksi, yale makusanyo ya mabilioni ya nyota, hayakai moja moja. Mengi yamejikusanya makundi makundi, na nafasi iliyo kati yao si tupu, imejaa gesi nyepesi mno yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo inang'aa kwa eksirei, ile ile miale wanayokupiga hospitali ukivunjika mkono. Sasa, kitu kinachong'aa kinapoteza joto. Gesi ya katikati ya kundi, iliyosongamana kuliko nyingine, ilitakiwa iwe imepoa zamani, imeporomoka katikati na kuzaa nyota kwa wingi. Watu walipotazama hawakuziona nyota hizo, isipokuwa chache. Maana yake kuna kitu kinaipasha gesi moto, tena bila kuchoka.

Kitu hicho kimekaa ndani ya galaksi kubwa ya katikati. Ni shimo jeusi. Gesi ikipoa na kulidondokea, shimo linameza kiasi, na kingine kinatemwa nje kwa nguvu katika mikondo miwili, mmoja huku na mwingine kule, mikondo ambayo haionekani kwa macho lakini darubini za redio zinaiona vizuri. Mikondo ile inaisukuma gesi na kujaza mapovu makubwa kuliko galaksi nzima. Mapovu yanapanda, yanavuruga gesi, yanatuma mitetemo, na joto linasambaa. Kwenye picha ya eksirei, mahali penye povu panaonekana peusi, kama tundu. Ukilaza ramani ya redio juu ya tundu hilo, inalijaza. Hayo ndiyo matundu ambayo Profesa aliyatafuta maisha yake yote, bila darubini, bila maabara ya kueleweka, kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja.

Siku ya kwanza ya somo lake aliingia darasani amebeba imbabura, lile jiko letu la mkaa, na sufuria ya uji wa mtama. Aliwasha mkaa pale pale. Moshi ulijaa, mlinzi akaja mbio, akamwona ni Profesa, akarudi zake. Uji ulipoanza kutoa mapovu akatuuliza swali lake la miaka yote: "Moto iko hapa chini, katikati. Nani anaupeleka pembeni?" Kila aliyejibu aliambiwa akae. Tulikaa saa nzima tukiangalia uji. Chini uliungua, pembeni ukabaki majimaji, na yeye akafurahi kuliko sisi wote. Akasema wataalamu wakubwa wa dunia nzima hawajakubaliana mapovu yanaligawaje joto lile kwa gesi yote, kwa hiyo tusione haya kutojua. Kisha akagawa uji, na aliyekunja uso kwa sababu ya harufu ya kuungua alinyang'anywa kikombe.

Nilimpenda siku ile. Naandika hivyo ili mtu asidhani nilianza na chuki.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Picha za eksirei zinazopigwa na darubini zilizoko angani hufunguliwa kwa watu wote baada ya muda, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua. Profesa alizichukua kidogo kidogo, alfajiri, mtandao ukiwa bado haujaelemewa, na kuzihifadhi kwenye diski aliyoifunga kwa kitambaa cha kitenge. Kompyuta ingeweza kuweka redio juu ya eksirei kwa sekunde moja. Yeye hakuiamini. Alichapa picha ya eksirei kwenye karatasi, akachora mistari ya redio kwa penseli kwenye kalki, ile karatasi nyembamba ya mafundi ramani, kisha akabandika vyote viwili kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite nyuma yake. Hapo ndipo aliposimama, kichwa kaegemeza upande, akiisogeza kalki kwa vidole viwili. Umeme ukikatika, sisi wengine tulikaa tukipiga soga. Yeye hata hakujua kwamba umekatika.

Na neno lake lilikuwa moja: zungusha. Ukimletea tundu, zuri, jeusi, lenye ukingo kabisa, hakukuuliza lina ukubwa gani. Alisema, "Mi sione tundu. Mi naona fasi yenye haina mwangaza. Zungusha."

Maana yake ni rahisi. Ndani ya darubini ya eksirei mna vipande vinavyopokea mwanga, vimepangwa kama vigae, na kati ya kipande na kipande mna ufa. Ufa ule haupokei kitu. Kuna hesabu za kuusahihisha, lakini ukizifanya vibaya kidogo ufa unabaki kwenye picha kama kivuli, na kivuli kinafanana na tundu. Dawa yake ni kutafuta picha nyingine ya kundi lile lile, iliyopigwa wakati mwingine, darubini ikiwa imegeukia pembe nyingine. Tundu la kweli litabaki pale pale mbinguni. La uongo litageuka pamoja na darubini. Sisi wanafunzi tuliliota neno hilo. Kulikuwa na mmoja wetu kutoka Kamenge ambaye akiletewa sahani ya wali kantini aliizungusha kwanza, ndipo akala, na meza nzima ikavunjika mbavu.

Alikuwa na mdomo mchafu wa namna ya peke yake. Hakutukana. Akikasirika alikuita kwa Kifaransa, "madmazeli" au "mesye", na ukisikia hivyo ujue umekwisha. Siku njema ulikuwa "mwananje", yaani mwanangu. Aliwahi kumsimamisha kijana mbele ya darasa, akamsomea ukurasa wake mwenyewe kwa sauti ya taarifa ya habari, sentensi moja baada ya nyingine, akiuliza baada ya kila moja, "Nani amekuonyesha?" Kijana yule hakurudi wiki iliyofuata. Leo anauza simu mjini, na nikimuuliza habari za Profesa anatema mate chini, tena mbele ya wateja.

Halafu huyo huyo Profesa, mama wa mwanafunzi mmoja alipolazwa, alishinda siku mbili kwenye korido ya hospitali Kamenge akimshikia nafasi kwenye foleni ya daktari, akiwa amekaa juu ya mkoba wake wa ngozi. Alileta maparachichi idarani, akayapanga mezani, na kumwangalia kila mtu mpaka amemaliza la kwake. Maji ya mvua yalipofurika mtaa wa Buterere na wanafunzi wawili wakapoteza madaftari yao, aliwaandikia upya somo zima la muhula kwa mkono wake, kurasa na kurasa, michoro ikiwemo. Nilijaribu miaka mingi kuyaunganisha hayo na yale mengine, nikashindwa. Nadhani alikuwa na huruma kwa tumbo lako, kwa mama yako, kwa madaftari yako yaliyolowa, lakini kazi yako ilipofika mezani huruma yote ilitoka chumbani.

Kusifu, hakusifu. Kanisani aliimba besi, vibaya, kwa moyo wote, na mwalimu wa kwaya hakuthubutu kumwambia. Yeye aliyekosoa kila nukta yetu hakujua kwamba anatoka nje ya wimbo. Tulikuwa tunaenda misa ya pili kwa ajili ya hilo tu.

Wanafunzi walisema yeye mwenyewe ndiye lile shimo la katikati: gesi ikipoa tu na kutaka kuzaa nyota, yeye anatema moto, mambo yanaanza upya. Kejeli hiyo haikutungwa na mimi, lakini siikatai. Idara ile ilikuwa na vijana wenye akili kila mwaka. Hesabu waliomaliza na yeye kwa wakati, ukitumia vidole vya mkono mmoja vitabaki. Wakubwa wa chuo walimwogopa au walimpuuza, sijui kipi kibaya zaidi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini watoto wa watu wanazeeka kwenye kiti cha mwanafunzi.

Sasa nifike kwangu.

Tasnifu yangu ya mwisho, ambayo sisi hapa tunaiita mémoire, ilikuwa na matundu mawili. La mashariki lilijazwa na redio vizuri kabisa, hata yeye alilitazama dirishani na kuguna, na kuguna kwake kulikuwa kama vigelegele. La magharibi halikuwa na redio. Niliandika kwamba ni povu la zamani ambalo redio yake imeshafifia, kwa kuwa mapovu ya hivyo yapo na yanajulikana. Nililipenda tundu hilo. Lilikuwa langu, nililiona mimi wa kwanza. Na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kuendelea na masomo chuo kimoja cha nje, barua ninayo, sharti lao likiwa moja tu: tasnifu iwe imesainiwa na kuwasilishwa kufikia Ijumaa fulani saa kumi jioni.

Zikiwa zimebaki siku tisa, Profesa akasema nizungushe.

Picha ya pili ilikuwepo. Ilikuwa faili kubwa, na wiki ile mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilikaa kwenye saiba moja Kamenge kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga. Faili ilifika theluthi mbili, ikakatika. Nikaanza upya, ikafika nusu. Mwenye saiba alinionea huruma, akafukuza vijana waliokuwa wanaangalia mpira ili mtandao wote uwe wangu, na bado ikakatika. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo picha moja.

Nilimkuta Profesa kwenye korido, amesimama na wenzake wawili. Nilipaswa kungoja awe peke yake. Sikungoja.

"Prof, leo njo siku ya mwisho. Faili imekataa. Naomba unisainie."

"Umezungusha?"

"Nimekuambia imekataa."

"Basi hatujue bado," akasema. "Ukishajua, utakuja."

"Watafunga saa kumi, Prof. Nafasi itaenda kwa mutu mwingine. Tundu ya kwanza iko sawa, wewe mwenyewe uliiona."

"Mi sisemi iko mbaya. Nasema hatujue. Mi siweke jina yangu juu ya kitu yenye sijue, madmazeli."

Niliposikia hilo madmazeli, damu ilinichemka, nikasema kitu ambacho kila mwanafunzi alikijua na hakuna aliyewahi kukitamka mbele yake. Alipokuwa kijana, akisoma Ulaya, Profesa aliandika makala kuhusu tundu kubwa alilolivumbua. Baadaye watu wengine walilizungusha, likageuka. Walimjibu kwa mistari mitatu, kwa adabu, kwamba tundu hilo halipo. Ukilitafuta jina lake leo, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni mistari hiyo mitatu.

"Na la kwako je, Prof?" nikamwambia. "La kwako walilizungusha?"

Wale wenzake wawili walitazama sakafu. Profesa aliingia ofisini, akafunga mlango polepole, na nikasikia kiti kinavutwa. Niligonga mara mbili. Nilikaa chini pale mlangoni, mimi mtu mzima, na mémoire yangu mapajani, mpaka mhudumu wa usafi akaja na maji yake akaniomba nisogee. Saa kumi ilikuwa imepita.

Nafasi ilikwenda kwa mtu mwingine. Mwaka uliofuata niliomba tena, wakajibu kwamba hawawezi kuchukua aliyekwisha kubaliwa akashindwa kufika. Mwaka wa tatu nilikuwa nimepita umri wao. Nilifundisha fizikia shule ya sekondari Kamenge, darasa lenye wanafunzi wanaobanana watatu kwenye dawati moja, nikiwaeleza mambo ya joto na nikijisikia mwongo, maana nilikuwa nimekusudia kuishi ndani ya jambo hilo na si kulisimulia kwa chaki.

Kuna jambo moja linalonikereketa maini kuliko yote. Miezi minne baada ya Ijumaa ile, faili ilishuka bila matatizo, asubuhi moja, kwa muda mfupi tu. Nikaizungusha. Tundu la magharibi likageuka nayo. Lilikuwa ufa wa darubini. Profesa alikuwa sahihi.

Nilimpelekea. Niliziweka picha zote mbili mezani bila salamu. Alizitazama, akachukua kalamu, akasaini siku hiyo hiyo, hapo hapo, hata tarehe akaweka vizuri. Hakusema nilikuambia. Hakusema pole. Alinisogezea parachichi. Nililiacha mezani nikatoka.

Watu nikiwasimulia, nikifika hapa hunikatiza. Husema, sasa unamlaumu nini, si alikuokoa na aibu? Dada yangu alisema hivyo, mume wangu alisema hivyo, padri alisema hivyo kwa maneno marefu zaidi. Nawajibu kwamba tundu la mashariki lilikuwa la kweli. Kurasa zote nyingine zilikuwa za kweli. Nilikosea mahali pamoja, kama mwanafunzi yeyote, na kwa mahali hapo pamoja nilifungiwa mlango wa kila kitu. Kuna njia ya kuwa sahihi ambayo haimvunji mtu miguu. Yeye hakuitafuta, na miaka kumi na moja sijaona dalili kwamba ilimpitia hata akilini.

Alipostaafu, idara ilinichukua kama mhadhiri msaidizi. Nilipewa chumba chake. Dirishani palikuwa bado na alama za gundi, nikazikwangua kwa kisu.

Mwezi huu mwanafunzi wangu Esperance amemaliza tasnifu yake. Familia yake ilikimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, wanakaa Buterere, na mvua ikinyesha anakuja chuoni amebeba viatu mkononi. Amepata nafasi nje. Ana matundu mawili, moja lina redio, jingine halina. Nilipoyaona nilitaka kucheka na sikuweza. Picha ya pili, ya kuzungushia, ipo, lakini idara haikuwa na umeme tangu Jumatatu, jenereta halikuwa na mafuta kwa kuwa mji mzima hauna mafuta, na simu zetu zisingeweza kubeba faili ile. Mwisho ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

"Madamu, unafikiri iko ya kweli?" Esperance aliniuliza.

"Sijue," nikamjibu, na nilipojisikia nikilisema neno lile kwa sauti yangu, nilikasirika upya.

Nilimpeleka kwa Profesa. Labda kwa sababu hakuna mwingine mjini mwenye jicho lile. Tulikwenda kwa miguu kutoka chuoni mpaka Mutanga Sud, tukizipita gari zilizopangana kungoja petroli. Esperance aliona haya kuingia, akasema atanisubiri barabarani. Mkewe Profesa alinifungulia. Alinishika mikono yote miwili, akanikaribisha kama vile nilikuwa pale juzi.

Profesa alikuwa amekaa karibu na dirisha. Macho yamemharibika. Moja lilikwisha kupasuliwa hospitalini, jingine lina ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kwa kazi, Prof."

Nilimweleza, kisha nikampa picha na kalki, kwa maana Esperance ninamfundisha kwa kalki, na hilo sikuwa nimewahi kulifikiria mpaka pale. Aliviinua vyote kwenye kioo. Aliisogeza kalki kwa vidole viwili. Alikaa hivyo muda mrefu, pua karibu iguse karatasi.

"Hii ya kwanza iko nzuri," akasema. "Huyu mutoto ana mukono. Hii ya pili, azungushe."

"Hawezi. Umeme hakuna, na mwisho ni kesho saa sita."

"Basi angoje."

Sikuinua sauti, kwa ajili ya mkewe. Lakini nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu tundu langu na kwamba nimelikubali hilo kila siku kwa miaka kumi na moja. Nilimwambia nilikosa adabu pale koridoni, na kwamba kwa lile nilimwomba radhi, pale pale, na sikuwa ninaomba ili na yeye aombe. Nilimwambia alichukua maisha yangu akayapima kwa ufa wa darubini.

Alinisikiliza akiwa ameshikilia zile karatasi.

"Mi walinisainia haraka," akasema. "Mwalimu wangu alikuwa anaenda vakansi, kupumzika. Hakutazama. Alisaini, akapanda gari. Jina yangu iko pale mpaka leo na ile uongo. Nilisema mi sitafanyia mutu ile kitu."

"Kwa hiyo ulinifanyia nyingine."

Alizilaza zile karatasi mezani.

Nilichukua mémoire ya Esperance niliyokuja nayo, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaandika kwa kalamu yangu, juu ya meza yake ya chai. Niliandika kwamba tundu lisilo na redio bado halijazungushwa na huenda likawa ufa wa darubini, na kwamba mwanafunzi analijua hilo na atalihakiki. Niliandika kwamba mengine yote yamepimwa. Nikasaini chini yake. Mkewe alikuwa bado hajamaliza kumimina chai.

"Umeandika nini?" Profesa akauliza.

Nilimpa. Alitafuta kioo chake cha kukuzia maandishi, akakishusha juu ya ukurasa, akafuata maneno kwa kidole mpaka saini yangu. Kisha akarudi juu akafuata tena.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, Prof. Mistari miwili."

"Chuo kinakubali?"

"Kinakubali. Kilikuwa kinakubali tangu zamani. Iko kwenye kanuni."

Alikishusha kile kioo mapajani. Alikuwa ananitazama, au anatazama upande wangu, kwa lile jicho lililopasuliwa.

"Na ile siku," akasema. "Kwa ile yako. Ingetosha?"

"Ingetosha."

Mkewe aliweka vikombe mezani, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akarudi jikoni. Nilikunywa chai yangu. Profesa hakugusa ya kwake. Aliendelea kuushika ule ukurasa kwa mikono yote miwili, na ilibidi nimwombe anirudishie, mara mbili, kwa sababu Esperance alikuwa ananisubiri.